Bill Bruford: kipimo cha kumpima mpiga dramu wa roki ya progresivu

Wapenzi wa roki ya progresivu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu rekodi inayomwonyesha Bill Bruford akiwa katika ubora wake wa juu kabisa, na ukifuatilia safari yake ya muziki utaona kwa nini ubishi huo haumaliziki. Bruford alizaliwa mwaka 1949 huko Sevenoaks, kusini mashariki mwa Uingereza, na mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Yes mjini London. Mwaka 1972, wakati Yes ilipokuwa imekwisha kupata jina, aliihama na kujiunga na King Crimson. Bendi hiyo nayo ilipovunjwa mwaka 1974 alizunguka katika bendi kadhaa, akaunda ya kwake, akarudi King Crimson mwaka 1981, na miaka michache baadaye akaanzisha Earthworks, bendi ya jazi. Kila alipohama alibadilisha vyombo, sauti na hata namna ya kufikiri, kwa hiyo watu wawili wanaweza kulitaja jina lake katika mazungumzo yaleyale huku kila mmoja akimzungumzia mpigaji tofauti kabisa.

Ugumu mwingine unatokana na muziki wenyewe. Roki ya progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vijana waliokuwa wakisikiliza roki, jazi na muziki wa okestra wa Ulaya kwa pamoja, na ambao hawakuona sababu ya wimbo kuishia dakika tatu. Walitunga vibao vya dakika 10, na vingine vikakaribia 20, vyenye sehemu zinazobadilika mwendo, sauti na hesabu ya mapigo. Nyimbo nyingi za roki na za densi huhesabika kwa nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha unaanza upya. Watunzi wa progresivu walipenda pia hesabu za 5, 7, 11 au 13, na msikilizaji anayejaribu kufuatisha kwa mguu hujikuta ameukanyagia mahali ambapo pigo halipo. Hapo ndipo kipimo cha ugumu kinapoingia, na wengi hudhani kwamba mpigaji anayepita salama katika hesabu ngumu zaidi ndiye bora zaidi.

Kipimo hicho hakitoshi, na Bruford ndiye mfano mzuri wa kukionyesha upungufu wake. Hesabu ya 13 hupangwa na mtunzi, na mwanafunzi yeyote mwenye bidii anaweza kuizoea kwa mazoezi. Kilicho kigumu kufundishika ni uamuzi: pigo liwekwe wapi ndani ya hesabu hiyo, kwa chombo gani, kwa nguvu kiasi gani, na ni lipi liachwe kabisa. Kwa maoni yangu, rekodi bora za Bruford ni zile ambamo maamuzi hayo yanasikika yakifanyika, na ambamo wimbo ungekuwa mwingine kabisa kama angeamua vinginevyo. Ukizisikiliza kwa sikio hilo, orodha iliyozoeleka inabadilika mpangilio.

Tuanze na sauti yake, kwa sababu ndiyo inayomtambulisha kabla ya jambo lingine lolote. Snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini ambayo wapigaji wengi wa roki huipa sauti nzito na pana, kwa Bruford ilikazwa juu, ikatoa mlio mkali wa kugonga, kama mtu anayepiga kuni kavu kwa nyundo. Alikuwa akiigonga ngozi na ukingo wa chuma kwa kijiti kimoja na kwa wakati mmoja. Mtindo huo ulitokana na mazingira. Katika Yes alipiga pamoja na Chris Squire, ambaye gitaa lake la besi lilikuwa na sauti kubwa, kali na yenye kung'ang'ania nafasi ya katikati ambayo kwa kawaida huachiwa gitaa la kuongoza. Pembeni kulikuwa na kinanda cha Hammond, nacho kinajaza kila pengo. Mpigaji aliyetaka kusikika hapo alihitaji sauti fupi, ya juu, inayopenya na kuondoka. Mlio huo ukawa kitambulisho chake maisha yote, hata katika bendi ambazo hazikuwa na kelele za namna hiyo.

Katika albamu ya Fragile, iliyotoka mwaka 1971, mlio huo unasikika vizuri zaidi katika kibao cha mwisho, "Heart of the Sunrise". Kibao kinaanza kwa msururu wa noti za kasi ambazo bendi nzima inazipiga kwa pamoja, kisha vyombo vingine vinanyamaza na besi ya Squire inabaki ikirudia mstari mmoja taratibu. Sehemu hii ya ufunguzi inachukua zaidi ya dakika tatu kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Sikiliza Bruford anachokifanya humo. Mpigaji wa kawaida wa roki angeweka mdundo thabiti chini ya besi na kuusubiri wimbo. Yeye anaingia kwa kuchungulia: gonga moja hapa, msukosuko mfupi wa snea pale, kimya, kisha mapigo mawili mahali ambapo sikio halikuyatarajia. Besi ndiyo inayoshikilia mwendo, na dramu zinazungumza juu yake, jambo ambalo ni kinyume cha desturi ya roki lakini ni la kawaida kabisa kwa wapigaji wa jazi aliowapenda ujanani, akina Max Roach, Art Blakey na Joe Morello. Kidogo kidogo mapigo yanakaribiana, kinanda kinaingia kwa nyuma, na mvutano unapanda mpaka ule msururu wa mwanzo unaporudi. Hakuna sehemu hata moja inayoweza kuitwa maonyesho ya dramu, na bado ukiondoa dramu hizo sehemu nzima inabaki mstari wa besi unaojirudia bila habari. Alikuwa na miaka 22.

Wengi hupandisha ngazi moja zaidi na kuitaja Close to the Edge, albamu ya mwaka 1972 yenye vibao vitatu tu, ambamo kibao kinachobeba jina la albamu kinachukua upande mzima wa sahani kwa zaidi ya dakika 18. Ni kazi kubwa, na siwezi kumlaumu anayeiweka juu. Kama kipimo ni muziki wa bendi nzima, pengine inastahili. Lakini kama swali ni upigaji wa dramu, kuna jambo la kuangaliwa kwa makini, nalo ni namna kibao hicho kilivyorekodiwa. Ndani ya studio ya Advision mjini London, bendi ilikuwa ikitunga sehemu fupi, inaifanyia mazoezi, inairekodi, kisha inahamia sehemu inayofuata. Fundi na prodyuza wao, Eddie Offord, alikata tepu na kuziunganisha mpaka zikawa kitu kimoja. Kwa njia hiyo mpigaji anarekodi mwanzo bila kujua kwa hakika mwisho utakuwaje. Kila kipande kina upigaji wa hali ya juu, na ule ufunguzi wenye vurugu, ambamo gitaa na besi vinakimbizana na kukatishwa ghafla na sauti za waimbaji, ni miongoni mwa vitu vya kasi na usahihi zaidi alivyowahi kurekodi. Hata hivyo, maamuzi yanayosikika ni ya kipande kwa kipande. Katika "Heart of the Sunrise" unamsikia mtu anayejua anakoelekea. Katika "Close to the Edge" unamsikia mtu anayefanya kazi aliyopewa siku hiyo, kwa ustadi mkubwa. Bruford mwenyewe alichoshwa na utaratibu huo wa kupima kila kitu kwa muda mrefu, na kazi ilipokwisha aliondoka kabla albamu haijafika madukani.

King Crimson aliyoiendea ilikuwa na mpigaji wa pili, Jamie Muir, na bila kumtaja huyu hatuwezi kuelewa kilichotokea baadaye. Muir alitoka katika muziki huru wa kubuni papo kwa papo. Jukwaani alikuwa na minyororo, mabati, kengele, na vitu ambavyo wengine wangevitupa jalalani. Albamu ya Larks' Tongues in Aspic ya mwaka 1973 inafunguliwa na marimba ya vidole, chombo cha jamii moja na ilimba ya Wagogo, yakicheza mzunguko mdogo unaojirudia kabla ya gitaa la Robert Fripp kuingia. (Msikilizaji wa Dodoma atakayeiweka rekodi hiyo kwa mara ya kwanza atakuwa nyumbani kwa dakika chache, kisha atashtuka.) Muir aliondoka mapema mwaka huohuo na kwenda kuishi katika nyumba ya watawa wa Kibudha huko Scotland, lakini alimwachia Bruford somo ambalo amelieleza mara nyingi: kwamba mwanamuziki yupo kwa ajili ya kuutumikia muziki, na si muziki kumtumikia yeye. Kwa kijana aliyekwisha kusifiwa kwa ufundi wake, lilikuwa somo chungu, na unaweza kusikia tarehe lilipoingia.

Tarehe hiyo ni 23 Novemba 1973, katika ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam. Sehemu kubwa ya albamu iliyofuata, Starless and Bible Black, ilitokana na rekodi za jukwaani, ambazo sauti za hadhira ziliondolewa, na usiku huo ulitoa mchango mkubwa kuliko mwingine wowote. Katikati ya onyesho, David Cross kwa fidla, John Wetton kwa besi na Fripp walianza kubuni wimbo wa taratibu bila kupanga. Bruford akakaa na vijiti vyake amevipishanisha kifuani, akisubiri mahali pa kuingia, na akaamua kwamba hapakuwa na mahali. Hakupiga pigo hata moja kwa dakika zipatazo tano na nusu. Kibao hicho kikaitwa "Trio", na wenzake wakamwandika miongoni mwa watunzi wanne, kwa kutambua kwamba kujizuia kwake kulikuwa sehemu ya utunzi. Wapo wanaoichukulia habari hiyo kama kisa cha kufurahisha tu. Mimi naiweka kwenye orodha ya rekodi zake bora bila kusita, kwa sababu kama upigaji ni uamuzi, huo ni uamuzi mkubwa kuliko wote: mtu aliyelipwa kupiga, mbele ya ukumbi uliojaa, anaona kwamba wimbo umekamilika bila yeye na anauacha ukamilike.

Kati ya mwaka 1975 na 1980 nitapita haraka. Mwaka 1976 alizunguka na bendi ya Genesis akipiga sambamba na Phil Collins, na "The Cinema Show" katika albamu ya Seconds Out ndiyo inayowahifadhi wote wawili. Albamu ya kwanza ya bendi iliyoitwa U.K., ya mwaka 1978, na One of a Kind, ambayo bendi yake mwenyewe iliitoa mwaka 1979, zina upigaji safi kabisa, na wapiga dramu wengi huzitaja kwanza. Ninawaelewa. Hapo kila pigo limekaa mahali pake, snea inang'aa, na mpangilio wa Jeff Berlin kwa besi na Allan Holdsworth kwa gitaa unadai ufundi ambao wachache wanao. Kinachopungua kwangu ni hatari. Muziki huo ulikuwa umeandikwa kwa ukamilifu mno kabla ya mpigaji kuketi, na nafasi ya kuamua ilikuwa finyu.

Mwaka 1981 Fripp aliifufua King Crimson pamoja na Bruford, mpiga gitaa Adrian Belew na mpiga besi Tony Levin, na albamu ya Discipline ikatoka mwaka huohuo. Hapa ndipo penye tatizo gumu zaidi la hesabu katika kazi zake zote, na linastahili kufafanuliwa kwa utulivu, kwa sababu watu hulisifu bila kueleza kinachoendelea. Katika kibao kinachobeba jina la albamu, mzunguko wa dramu una mapigo madogo 17. Wakati mikono inakamilisha mzunguko huo, mguu unapiga ngoma ya besi kwa usawa, pigo moja kila baada ya mapigo madogo manne, bila kuyumba. Manne ukiyarudia mara nne unapata 16, na linabaki pigo moja. Maana yake ni kwamba mzunguko wa pili wa mikono unapoanza, mguu hauko tena mahali ulipokuwa mwanzoni mwa mzunguko wa kwanza. Umetangulia kwa pigo moja dogo. Katika mzunguko wa tatu umetangulia kwa mawili, wa nne kwa matatu. Ni baada ya mapigo madogo 68, yaani mizunguko minne ya mikono na mapigo 17 ya mguu, ndipo viungo hivyo vinapokutana tena kwenye mstari wa kuanzia. Wakati huohuo magitaa mawili yanafuata hesabu zao, yakiachana na kukutana. Anayecheza anaweza kuucheza muziki huo kwa kufuata mguu tu, na hiyo ndiyo busara yake: aliye tayari kuhesabu atapata cha kuhesabu, na asiyetaka atapata mdundo ulionyooka. Masikio yaliyokulia kwenye ngoma za Kiafrika, ambamo mapigo ya tatu na ya mbili hupishana bila mtu kuyaita hesabu, hayapati taabu sana hapo.

Fripp alitaka pia matoazi yapungue, kwa kuwa mlio wake mrefu hufunika sauti za juu za magitaa. Kwa mpiga dramu wa roki hilo ni sawa na kunyang'anywa sehemu kubwa ya msamiati wake. Bruford alilijibu kwa dramu za umeme za Simmons zilizokuwa ndiyo kwanza zimeingia sokoni, na katika "The Sheltering Sky" kwa ngoma ya gogo lenye mwanya, ambayo anaigonga kwa upole huku magitaa yakipita juu yake. Katika "Indiscipline" aliachiwa kamba: wenzake wanashikilia mzunguko mmoja usiobadilika, naye anauvuruga kwa kila njia anayoweza, akichelewa na kuwahi mpaka msikilizaji anaanza kuogopa kwamba hatarudi. Anarudi. Kama ningeombwa kumfunza kijana kwa albamu moja tu ya Bruford, ningempa Discipline, kwa sababu masharti yake yanaonekana wazi na majibu yake yanasikika wazi.

Lakini iliyo bora kuliko zote, kwa hukumu yangu, ni ile niliyoiruka makusudi: Red, iliyorekodiwa katika studio ya Olympic mjini London katikati ya mwaka 1974 na kutoka mwishoni mwa mwaka huo, wakati Fripp alikuwa amekwisha kuivunja bendi. Cross alikuwa ameondoka, na waliobaki walikuwa watatu: Fripp, Wetton na Bruford. Katika "One More Red Nightmare" kuna toazi lenye mlio mchafu, mfupi, kama bati linalopasuka. Bruford alikuwa amelikuta kwenye takataka katika chumba cha mazoezi, limepinda, mtu amelitupa. Alilisafisha na kulitundika, akalipa kazi ya kuanzisha na kukatisha vifungu vya dramu ambavyo vinapita katikati ya wimbo huo kwa wingi ambao mahali pengine ungechosha. Somo la Muir linaonekana hapo kwa macho.

Kisha inakuja "Starless", ya dakika 12. Nusu ya kwanza ni wimbo wa huzuni wa taratibu, na Bruford anaupiga kwa adabu, akimwachia Wetton aimbe. Wimbo unapoisha, besi inaanza mstari mzito wenye hesabu ya 13, mstari ambao mtunzi wake alikuwa Bruford mwenyewe. Fripp anapiga noti moja ya gitaa, anairudia na kuirudia, kisha anapanda kidogo. Bruford anaanza karibu na kimya: vigongo vidogo vya mbao, mguso wa toazi, mapengo marefu. Kila mzunguko unaleta kitu kimoja kipya, na kila kitu kinaletwa kikiwa kimechelewa kidogo kuliko msikilizaji anavyokitamani. Dakika zinapita kabla snea haijashika usukani, na inaposhika, gitaa limekwisha kupanda mpaka pasipovumilika. Hatimaye bendi inalipuka kwa mwendo maradufu, saksafoni zinaingia, hesabu ileile ya 13 sasa inakimbia, na dramu ambazo zilikuwa zikihesabu matone zinamwaga kila kitu. Hapo kuna ule ujuzi wa kuchungulia wa "Heart of the Sunrise", kuna subira ya "Trio", na kuna nguvu ambayo katika Yes alikuwa bado hana.

Ukitaka kujua kwa nini upigaji huu umekomaa hivyo, tafuta rekodi za jukwaani zilizotolewa mwaka 1992 katika mkusanyiko wa The Great Deceiver. Bendi ilikuwa ikiicheza "Starless" mbele ya watu kabla ya kuingia studio, huku fidla ya Cross ikibeba wimbo ambao katika Red unabebwa na gitaa. Katika maonyesho hayo unamsikia Bruford akijaribu: usiku mmoja anaingia mapema mno na mvutano unaisha kabla ya wakati, usiku mwingine anachelewa zaidi na wimbo unapata nafasi ya kupumua. Tofauti na "Close to the Edge", alifika studio akiwa anaujua wimbo wote kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, na kila pigo aliloliacha lilikuwa limekwisha kupigwa mahali fulani jukwaani na kuonekana halihitajiki.